Insha Iliyopata 17

Tukiwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiswahili alitupa methali: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Andika kisa. Kama ulisoma shule ya Kenya, unajua kilichofuata. Nilimchukua msichana, nikampa wazazi wema, nikampa rafiki mbaya, nikampa na jamaa mwenye pikipiki. Aya ya tatu akapata mimba. Aya ya tano akatoroka nyumbani. Aya ya mwisho nikamzika: alikwenda kuitoa mimba kwenye chumba kimoja cha uchochoroni, damu ikakataa kukoma, na mama yake akabaki akilia kwamba majuto ni mjukuu. Nilitia tashbihi nne, methali sita, na sikusahau kusema kwamba maji yalikuwa yamezidi unga. Nikapata 17 kwa 20. Mwalimu alinisimamisha nikaisoma mbele ya darasa, nikapigiwa makofi.

Msichana niliyekaa naye dawati moja alipiga makofi pia. Wiki mbili baadaye hakuja shule. Tukadhani ni karo. Kisha stori ikafika: ana ball, miezi minne. Ukihesabu kurudi nyuma, siku ile nilipokuwa nikisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, alikuwa ameshajua. Alikuwa ameketi pale, mikono juu ya dawati, akisikiliza jinsi atakavyokufa.

Sitamtaja jina. Ameniruhusu niandike haya kwa sharti hilo.

Tulikutana miaka mitatu baadaye kwenye stage ya matatu mtaani kwetu. Alikuwa na mtoto mgongoni na mfuko wa sukuma mkononi.

"Niaje, mwandishi," akaniambia. "Ile stori yako ulipewa ngapi tena?"

"Kumi na saba."

"Kwa kuniua?"

Alicheka. Mimi sikuweza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikirudia vitabu tulivyosomeshwa, vile vyenye msichana mwenye mimba ndani, nikivisoma kama mtu anayetafuta risiti. Nilitaka kujua nilijifunza wapi kuua namna ile, haraka na kwa ufasaha, bila hata kuuliza. Kila kitabu nakiuliza maswali mawili tu. La kwanza: mwanamume ana jina? La pili: Jumatatu inayofuata ikoje? Yaani baada ya kilio, baada ya baba kutupa masanduku nje, huyu msichana anaamka saa ngapi, anakula nini, mwili wake unamfanyia nini, na nani anamshikia mtoto?

Nianze na Rosa Mistika, kwa sababu karibu kila msichana aliyeanguka katika fasihi ya Kiswahili ana undugu naye. Euphrase Kezilahabi aliitoa mwaka 1971, na kwa muda ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania. Ukiisoma leo utashangaa kilichowatisha watu. Kweli kuna ngono, lakini nadhani kosa kubwa la Kezilahabi lilikuwa kumweka baba kizimbani. Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, anamlea kwa kiboko na hofu, na msichana anatoka nyumbani bila kujua wanaume ni watu wa aina gani. Akipata uhuru shuleni na baadaye chuoni Morogoro, hana kipimo. Kitabu kinaishia mbele ya Mungu, baba na binti wakilaumiana. Kwa mwaka 1971 huo ulikuwa ujasiri, na hata sasa ni ujasiri. Wangapi wetu tuliwahi kuandika insha ambayo "mkuu" wa methali ndiye aliyekosea?

Lakini Rosa anakufa. Anatoa mimba, anakataliwa na Charles kwa sababu si bikira, anajiua. Mwandishi aliyeona kwa uwazi namna ile kosa la mzazi bado hakuweza kumpa binti Jumatatu. Nikikumbuka insha yangu, naona nilimrithi Kezilahabi kaburi tu. Kizimba cha baba nilikiacha.

Na kaburi hilo halikubaki vitabuni. Mwaka 2017 Rais Magufuli alitangaza hadharani kwamba mwanafunzi akishazaa harudi katika shule ya serikali. Marufuku hiyo iliondolewa Novemba 2021, miaka 50 baada ya Rosa. Sisi wa Kenya tulipenda kuwacheka jirani, lakini tujiangalie. Sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tunayo tangu 1994, na mwongozo mwingine ulitolewa 2020. Mwenzangu wa dawati hakuwahi kuisikia. Mama yake aliitwa shuleni, akaambiwa "amchukue apumzike". Hakuna aliyetamka neno kufukuza. Hakuna aliyemwambia arudi lini, pia.

Kitabu cha pili ni kile ambacho wengi wetu tulikibeba hadi chumba cha mtihani: Chozi la Heri cha Assumpta K. Matei. Hapa sina budi kuwa muungwana, kwa sababu tulikisoma vibaya. Tulikisoma kwa kalamu nyekundu, tukipiga mstari chini ya kila dhuluma ili ikija "fafanua madhila ya mtoto wa kike" tuwe na hoja kumi. Kumbe kina kitu ambacho Rosa hakuwa nacho. Zohali alipata mimba akiwa mwanafunzi, wazazi wake wenye vyeo wakamgeuza mzigo ndani ya nyumba yao wenyewe, akaishia mtaani. Ila tunapokutana naye, anasimulia hayo akiwa shuleni, miongoni mwa wasichana wenzake, kila mmoja akitoa lake kwa zamu. Anasimulia akiwa hai. Amevaa sare! Nilisoma ukurasa huo mara tatu kidato cha tatu na sikuona sare.

Chandachema naye anatoka upande wa pili wa jambo hilohilo: yeye ndiye mtoto. Mama yake alikuwa mwanafunzi, baba yake alikuwa mwalimu. Na mwalimu ana jina, Fumba. Swali langu la kwanza linapata jibu hapo, na si jambo dogo. Fikiria jinsi tunavyosema kila siku: alipachikwa mimba, aliharibiwa, alitiwa mimba. Kila kitenzi kiko katika kauli ya kutendwa na hakuna mtenda, kana kwamba mimba ni mvua, ilimnyea tu njiani. Sheng imejaribu kubadilisha maneno, lakini "amepata ball" ni hadithi ileile: ameokota. Jamaa wa pikipiki katika insha yangu hakuwa na jina wala umri. Yule wa kweli alikuwa na vyote viwili. Alikuwa na miaka 26 na alifanya kazi kwenye duka la simu. Kwa Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006, mtoto wa chini ya miaka 18 hawezi kuridhia, kwa hivyo alichokifanya kina jina na kina kifungo. Alihamia mtaa mwingine, akaendelea kuuza simu. Aliyeacha masomo ni mmoja tu.

Udhaifu wa Chozi la Heri ni wingi. Wasichana ni wengi sana, misiba inafuatana kama magari kwenye foleni, na wengine wanapita kabla hujawashika mkono. Kwenye sherehe ya dhuluma kila mtu ana dakika tano. Anayeponea ni Pete. Tunampata kitandani hospitalini, baada ya kukeketwa, kuozwa kwa mzee, kuzaa, na kutaka kujiua. Kwa sababu yuko kitandani, mwandishi analazimika kukumbuka kwamba ana mwili. Mwili huo ndio ninaoutafuta.

Maana mwili ndio unaokosekana. Mwenzangu aliniambia yaliyompata tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya duka la mama yake, mtoto akila ndizi kati yetu. Mwezi wa nane miguu ilivimba hadi viatu vya shule, ambavyo alikuwa bado anavivaa, vikakataa kuingia. Kichwa kilimuuma siku mbili na macho yakawa yanaona nyota. Presha. Walipomfikisha hospitalini alikuwa ameanza kutetemeka. Hicho ni kifafa cha mimba, ambacho Shirika la Afya Duniani linasema huwapata akina mama wa umri wa miaka 10 hadi 19 zaidi kuliko wale wa miaka 20 hadi 24, pamoja na maambukizi baada ya kujifungua. Watoto wao pia huzaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo mara nyingi zaidi. Alipasuliwa. Mtoto alikuwa kilo 1 na gramu 600, akawekwa kwenye mashine. Muuguzi mmoja alimwuliza mbona analia, ilhali siku ya kumpata huyo mtoto alikuwa akicheka.

Alikuwa na bahati, alisema, kwa sababu kulikuwa na chumba cha upasuaji. Kitanda cha pili kutoka kwake alilala msichana aliyeletwa kutoka mbali, aliyekaa na uchungu nyumbani siku mbili. Nyonga changa ikikataa kupitisha mtoto, kichwa chake hubana nyama za mama hadi zikafa, na baadaye hubaki tundu. Hiyo ndiyo fistula: mkojo unavuja mchana na usiku, na watu wanaanza kukaa mbali nawe kwenye kanisa na kwenye matatu. Hutibika kwa upasuaji, lakini lazima kwanza mtu akwambie kwamba ni ugonjwa, si laana. Katika vitabu ninavyovizungumzia hapa sikumbuki ukurasa wenye harufu hiyo.

Najua utaniambia fasihi si brosha ya zahanati. Kweli. Sitaki sura nzima ya kipimo cha presha. Ninachosema ni kwamba mwandishi anapokwepa mwili, anabaki na kitu kimoja tu cha kumpa msichana, nacho ni funzo. Viatu vilivyokataa kuingia vinaniambia mambo ambayo methali zangu sita hazikuyagusa. Vinaniambia kwamba hakuwa na viatu vingine. Vinaniambia kwamba hadi mwezi wa nane bado alikuwa akijivalisha kama mwanafunzi.

Hadithi iliyokaribia zaidi ni fupi: "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany, katika mkusanyiko wa Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine. Sara, mwanafunzi, anabakwa usiku akitoka masomoni, anapata mimba, na sehemu kubwa ya hadithi inapita ndani ya kichwa chake. Anamsikia baba kabla baba hajasema. Anawasikia shule na majirani kabla hawajajua. Ghassany ameelewa kwamba adhabu ya kwanza ya msichana ni ile anayojipa mwenyewe kwa sauti za watu anaowajua. Halafu anafanya jambo zuri: anamzungushia Sara watu wa kumshika, Sarina rafiki yake na daktari Beluwa, na mwisho wa nyumbani hauwi ule alioufikiria. Nikiisoma naona aibu, kwa sababu mojawapo ya sauti hizo ni yangu, ikisoma insha mbele ya darasa.

Mwenzangu aliisoma pia. Alijisajili KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, na Tumbo Lisiloshiba ikawa kitabu cha lazima kwake. Nilimwuliza alionaje.

"Ni poa," akasema. "Lakini Sara hakosi unga hata siku moja. Na mimi sikubakwa na mtu gizani. Huyo jamaa nilikuwa nampenda. Alikuwa ananinunulia pads."

Hakuna mhakiki aliyewahi kunionyesha ufa wa hadithi kwa sentensi fupi namna hiyo. Sara tunamhurumia kirahisi kwa sababu hakuchagua lolote. Giza ndilo lililomkamata. Lakini je, yule aliyechagua, kwa akili ya miaka 15, mtu mzima aliyemnunulia kitu ambacho nyumbani hakikupatikana? Fasihi yetu ya shuleni ina viti viwili tu vya msichana mwenye mimba. Kimoja ni cha asiye na hatia kabisa, anayestahili machozi. Cha pili ni cha mkaidi, anayestahili kaburi. Wasichana wengi ninaowafahamu hawatoshi kwenye kiti chochote. Walipenda na wakadanganywa, walikuwa na haja na wakawa na tamaa pia, na sheria bado inasema ni watoto.

Aliyejaribu kutengeneza kiti cha tatu ni Ngũgĩ wa Thiong'o, katika riwaya aliyoiandika kizuizini Kamĩtĩ juu ya karatasi za chooni, ikatoka kwa Gĩkũyũ mwaka 1980 na baadaye kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani. Warĩĩnga ni mwanafunzi anayetongozwa na tajiri mzee wa Ngorika kwa raha za mjini na gari. Kwa lugha ya leo tungemwita mzee huyo sponsa. Ngũgĩ hamfichi msichana tamaa yake, na bado hamhukumu. Warĩĩnga anapata mimba, anaachwa, anajaribu kujiua, anashindwa, anazaa. Kisha anarudi kusoma, anakuwa fundi wa mitambo, anatengeneza injini kwa mikono yake. Na mwishoni kabisa yule mzee anakutana na deni lake. Katika vitabu vyote vinne, hiki ndicho nilichomaliza nikiwa nimekaa wima.

Hata hivyo mtoto wake, Wambui, analelewa na wazazi wa Warĩĩnga, na riwaya inapita hapo mbio. Nauliza kwa heshima: usiku nani aliamka? Maziwa yalipojaa kifuani na mtoto yuko mbali, Warĩĩnga alifanyaje? Mwenzangu alirudi darasa la jioni mtoto akiwa na miezi saba. Saa mbili za kwanza aliandika, saa ya tatu blauzi ikaloa mbele ya wanaume wazima. Alifunga sweta na kuketi hadi mwisho. Bibi ya mtoto alikuwa ameacha kibanda chake cha mboga saa hizo ili amshike mjukuu, kwa hivyo kila somo la Hesabu lilikuwa na bei yake kwa nyanya. "Majuto ni mjukuu," niliandika mimi. Mjukuu mwenyewe alikuwa anahitaji uji.

Nirudi kwa methali ya mwalimu, maana sitaki kumlaumu peke yake. Alitaka kutulinda, na alidhani hofu inalinda. Lakini angalia hesabu za nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulipata kwamba asilimia 15 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kupata mimba. Mwaka 2014 walikuwa asilimia 18. Samburu ilikuwa asilimia 50. Nyeri, 5. Kama mimba za mapema zinaletwa na kutosikia la mkuu, basi wasichana wa Samburu ni viziwi mara kumi kuliko wa Nyeri. Nani anaamini hilo? Kinachotofautiana ni umbali wa shule na kliniki, ni umaskini, ni umri wa kuozwa, ni nani ana sauti nyumbani. Methali yetu haina nafasi ya mambo hayo. Ina nafasi ya guu moja tu, la msichana, na huvunjika kila mwaka kwenye madawati ya nchi nzima kwa alama 20.

Gazeti nalo huandika insha ileile. Juni 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa korona, vichwa vya habari vilisema karibu wasichana 4,000 wamepata mimba Machakos katika miezi michache. Nchi ikashtuka, wazazi wakalaumiwa, simu za watoto zikalaumiwa. Wachache walisoma hadi chini kuona kwamba idadi hiyo ilihusu umri wa miaka 10 hadi 19, kwa hivyo hata watu wazima wa miaka 18 na 19 walikuwemo. Na wanaume waliohusika hawakupewa idadi wala kichwa cha habari. Maswali yangu mawili yangefaa hata pale.

Sidai waandishi wote sasa waandike msichana anayefaulu. Huo nao ni uongo, insha ileile iliyogeuzwa ndani nje. Wapo wanaokufa, na vifo vyao vinastahili kuandikwa. Lakini viandikwe kama vifo vya watu, vyenye chanzo na saa na mtu aliyechelewa kuita gari. Visitumike kama nukta ya kumalizia methali. Na sisi tunaosoma, hasa tuliofunzwa kusoma kwa kalamu nyekundu, tuache kumgeuza kila msichana kuwa "maudhui". Nilikuwa na maudhui ya mimba za mapema kwenye dawati langu muhula mzima. Nilimkopesha rula. Sikumwona.

Kabla ya kuituma makala hii nilimpelekea aisome kwenye simu. Nilidhani angegusa sehemu ya jamaa wa duka, au ile ya blauzi. Alirudisha sahihisho moja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba mtoto alizaliwa na kilo moja na nusu.

"Ni moja na gramu 600," akaandika. "Hizo gramu mia usinipunguzie. Nilimngoja wiki nzima aongeze zingine kama hizo."